MBUYU ULIANZA KAMA MCHICHA, LAKINI NANI ANAUJUA MCHICHA HUO?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu kalamu yangu imenituma niwaeleze habari za mti ambao kila mmoja wetu hudai anaujua: mbuyu. Sisi watu wa Kilifi tumezaliwa tukaukuta. Tunajikinga jua chini yake tukingoja matatu, tunamumunya mabuyu yake darasani mwalimu akigeukia ubao, na tukiandika insha hatukosi kutia ile methali ya "Mbuyu ulianza kama mchicha." Hata katika nahau zetu umo: mtu akiambiwa azunguke mbuyu, anaambiwa atoe hongo.

Basi kwa nini niwachoshe na habari za mti unaojulikana hivyo? Sababu ni hii. Tunaujua mbuyu mzee tu. Mbuyu mtoto hatuujui, na kutoujua huko kunaweza kutugharimu mti wenyewe. Nifuateni polepole. Tutaanza na ukoo wake, kisha tutafika kwenye huo mchicha.

UKOO WA MIBUYU

Katika somo la Bayolojia tunafundishwa kwamba viumbe hupangwa kwa makundi. Spishi ni kama nyumba moja, nayo jenasi ni kama ukoo unaokusanya nyumba kadhaa zilizotokana na babu mmoja. Jenasi ya mibuyu inaitwa Adansonia. Jina hilo linatokana na Michel Adanson, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, aliyefika Senegali mwaka 1749 akauchunguza mti huo na kuueleza kwa kirefu. Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyekuwa akiipa mimea ya dunia majina ya Kilatini, ndiye aliyemtunuku Adanson heshima hiyo. Wenyeji walikuwa na majina yao tangu jadi, lakini katika vitabu vya sayansi jina la mgeni ndilo lililokaa.

Ukoo huu nao umo katika jamii kubwa pamoja na pamba, msufi na bamia. Naam, bamia hii hii ya mchuzi! Jitu lile na bamia ya nyanya ni binamu.

Spishi za mibuyu zinazotambuliwa leo ni nane. Ya kwanza ni hii yetu, Adansonia digitata. Inamea katika sehemu kavu za Afrika, kuanzia Senegali kule magharibi hadi huku kwetu na kuteremka mpaka Afrika Kusini. Nje ya bara letu imo Yemeni, na pia Omani katika eneo la Dhofari. Neno "digitata" kwa Kilatini lina maana ya "yenye vidole," kwa kuwa jani la mbuyu mzima limegawanyika kama vidole vya mkono. Shikeni sana neno hilo "vidole," maana tutalirudia.

Spishi sita ni za Madagaska peke yake, kisiwa ambacho wazee wa Pwani walikiita Bukini. Mrefu kuliko yote ni Adansonia grandidieri, wenye shina lililonyooka kama nguzo ya msikiti. Huo ndio mnaouona kwenye picha za ile njia mashuhuri karibu na mji wa Morondava, ambapo mibuyu imejipanga pande mbili kama askari wa gwaride. Ulioenea zaidi kisiwani unaitwa Adansonia za. Ipo pia rubrostipa, mfupi wenye umbo la chupa na gome lenye wekundu, na madagascariensis wa upande wa kaskazini magharibi. Mbili zilizobaki, suarezensis na perrieri, ni za kaskazini, nazo zimo katika hatari kubwa ya kutoweka duniani.

Ya nane ni Adansonia gregorii. Hiyo iko Australia, katika eneo la Kimberley, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 2012 wataalamu kadhaa walipendekeza spishi nyingine ya Afrika, ya sehemu za miinuko, wakaiita Adansonia kilima. Neno letu hasa la Kiswahili! Lakini uchunguzi uliofuata haukuikubali, na sasa inahesabiwa kuwa ni digitata ile ile. Waama, Kiswahili kiligusa mlango wa ukoo huo kikarudi.

Mtu atauliza, mti mmoja ulifikaje Afrika, Bukini na Australia? Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za spishi zote nane. Kwa maoni yao, yaelekea chimbuko la mibuyu ni Madagaska, kisha mbegu zikachukuliwa na mikondo ya bahari hadi Afrika na Australia. Buyu lina kaka gumu na huelea majini. Kwa hivyo huyu tunayemwita mzee wa kijiji, huenda babu yake alikuja kwa bahari kama mabaharia wengine.

SHINA, MAJI NA UMRI

Kuna hadithi inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika ati Mungu aliupanda mbuyu kichwa chini miguu juu. Ukiutazama wakati wa kiangazi huwezi kuwalaumu waliobuni hadithi hiyo, maana matawi matupu yanafanana kabisa na mizizi. Sayansi inatupa sababu. Jani ndilo linalopoteza maji kwa wingi, basi mti unayaangusha majani yake ili ujihifadhi. Mbao zake ni laini na zina maji mengi sana, ndiyo sababu hazifai kujengea wala kuchoma makaa. Katika ukame shina hupungua unene kidogo, na mvua ikinyesha likajaa tena.

Ndovu wanajua siri hiyo. Katika ukame hupasua shina kwa pembe ili watafune nyuzi zenye maji. Miaka ya 1960 na 1970 ndovu wa Tsavo waliiharibu mibuyu mingi mno kwa njia hiyo. Hata hivyo mbuyu si mti wa kukata tamaa. Ukiuchuna gome, huota gome jipya, jambo ambalo miti mingi haiwezi.

Umri wake nao si mchezo. Kuhesabu pete za shina hakutegemeki, kwa sababu mibuyu mingi ina uwazi ndani, na mara nyingi mti mmoja mkubwa ni mashina kadhaa yaliyoungana. Wataalamu hupima kaboni iliyomo katika mbao. Kwa kipimo hicho, mbuyu wa Zimbabwe uitwao Panke ulikadiriwa kuwa umeishi miaka kama 2,450 kabla ya kufa mnamo 2010 na 2011. Yaani ulikuwa tayari mti mkubwa kabla ya mji wa Gede kujengwa!

UA LA USIKU MMOJA

Wengi wetu tumekula buyu bila kuliona ua lake. Hatulioni kwa sababu hufunguka jioni, wakati sisi tumo katika prepu. Ni ua jeupe, kubwa, linaning'inia chini kwa kikonyo kirefu, na katikati lina stameni nyingi zilizojikusanya kama brashi. Ukikaa chini ya mti magharibi ikiingia, unaweza kuliona likifunguka kwa macho yako mwenyewe. Kesho yake limenyauka, na baada ya muda mfupi limeanguka.

Kwa nini usiku? Kwa sababu wageni wake ni wa usiku. Popo walao matunda huja kunywa maji matamu ya ua, yale tunayoyaita nekta, wakajipaka chavua kifuani na kuipeleka kwenye mti mwingine. Komba na nondo nao hufika. Katika spishi nyingine za ukoo huu mambo hutofautiana: kuna zinazotegemea nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, na ule mrefu wa Bukini hutembelewa na popo pamoja na lemuri, wanyama wa mitini wanaofanana kidogo na komba wetu.

Sasa wale mnaowarushia popo mawe mkidai wana uchawi, someni sentensi hii mara mbili: popo wakiisha, mabuyu nayo yatapungua.

FAIDA ZAKE

Faida za mbuyu nikizitaja zote wahariri watanikata. Unga mweupe unaozunguka kokwa, yaani ubuyu, una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzani huo huo. Akina mama wa Pwani huzipika mbegu na unga wake kwa sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili, ndiyo hayo mabuyu tunayoyanunua pale langoni. Mbegu hutoa mafuta ya kupaka. Afrika ya Magharibi majani hupikwa kama mboga. Nyuzi za gome husokotwa kamba, na Ukambani tangu zamani zilitumika kusukia vyondo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kule kama chakula, na tangu hapo wageni wananunua kile ambacho sisi tulikiona cha watoto.

Isitoshe, wazee wetu wengi waliuheshimu mbuyu kama mahali pa mizimu. Mpaka leo kuna mibuyu utakayoikuta imefungwa vitambaa na kunyunyiziwa marashi ya waridi. Uamini usiamini, heshima hiyo ilikuwa ukuta: hakuna aliyethubutu kupeleka shoka pale.

WAZEE WAPO, WATOTO WAKO WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Mwaka 2018 Adrian Patrut wa Rumania na wenzake walitoa taarifa iliyowashtua wengi. Waliifuatilia mibuyu mikongwe na mikubwa kuliko yote Afrika. Kati ya 13 iliyokuwa mikongwe zaidi, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake za kale zimeanguka, tangu mwaka 2005. Kati ya 6 iliyokuwa mikubwa zaidi, 5 ilipatwa na hayo hayo. Walihisi kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yana mkono hapo, ingawa walisema uchunguzi zaidi unahitajika.

Kisha mwaka 2022 jambo likatufika mlangoni. Hapa Kilifi mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake kwa matingatinga ili isafirishwe hadi bustani moja nchini Jojia, kando ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa. Habari zikaenea, watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaamuru wizara ichunguze kama kibali kilitolewa kwa njia halali.

Wakati ule sote tulikuwa na maneno. Wengine walisema waliouza ni wasaliti. Mimi sikubali. Mkulima mwenye ekari mbili anaona mti umekalia mahali pa mahindi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, halafu anakuja mtu na noti mkononi. Je, wewe ungemfukuza? Ukitaka mkulima asiuze mti, mti lazima umpe kitu ungali umesimama. Anayenunua magunia ya mabuyu kwa bei nzuri anaulinda mbuyu kuliko anayepiga kelele redioni.

Na hapa tujifunze kwa wenzetu wa Australia. Mwaka 2008 mbuyu mmoja wa Kimberley ulikuwa katika njia ya ujenzi wa barabara. Watu wa jamii ya Gija, wenyeji wa pale, wakautoa kwa bustani ya Kings Park mjini Perth. Ulisafirishwa kwa lori mwendo wa kilomita 3,200 hivi, na ulipofika ukapandwa ukashika. Kwa hivyo ubishi wa Kilifi haukuwa juu ya kuhamisha mti peke yake. Swali ni: nani aliulizwa, na nani atafaidika?

Lakini wasomaji wapenzi, hata tukiyazuia matingatinga yote, hatujamaliza. Mzee asiye na mjukuu, akizikwa ndiyo basi. Zungukeni vijiji vyetu mhesabu. Mibuyu ya babu na babu wa babu mtaiona. Ile yenye unene wa paja la mtu iko wapi? Ile ya kimo chenu je? Mbuzi wanaila miche, moto wa kusafishia shamba unaiunguza, jembe linaing'oa. Tena tumbili na ndovu, waliokuwa wakila mabuyu na kuzisambaza mbegu, hawapiti tena kwenye mashamba yetu kama zamani.

HUO MCHICHA SASA

Niliwauliza wenzangu darasani ni nani amewahi kuuona mbuyu ulio saizi ya mchicha. Hakuna mkono uliopanda. Sishangai. Mnalikumbuka lile neno "vidole"? Mbuyu mchanga hauna vidole! Majani yake ya kwanza ni jani moja moja, jembamba, halijagawanyika. Yale yenye vidole huja baadaye mti unapokua. Yaani jina lake la kisayansi na sura yake ya utotoni havipatani hata kidogo. Ndiyo maana ukiuona katikati ya kunde unadhani ni gugu. Wahenga waliosema ulianza kama mchicha hawakuwa wakipamba lugha tu. Walikuwa wameutazama kwa makini kuliko sisi.

Muhula uliopita nilimpelekea nyanya yangu mche mmoja nilioukuza kwenye mkebe. Nyanya ameuza ubuyu sokoni tangu mama yangu hajazaliwa. Aliugeuza geuza, akacheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, huu si ndio mimi huung'oa kila palizi?" Nikamwambia, "Ndio huo, nyanya." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nitaupanda wapi.

Mkitaka kuutambua, angalieni mambo matatu. Kwanza, mche ukichipuka hutoa majani mawili ya mbegu, mapana na manene. Pili, majani yanayofuata ni marefu na hayana meno wala vidole. Tatu, fukueni udongo taratibu pembeni: mzizi wake mkuu ni mnene kama karoti, maana mti unaanza kuweka akiba ya maji tangu utotoni. Mchicha hauna mzizi kama huo. Mkishaona, rudishieni udongo, tafadhali!

Kuotesha nako si kazi kubwa. Kokwa la buyu lina ganda gumu, na porini hulainishwa tumboni mwa mnyama. Sisi katika chama cha mazingira tulifanya hivi. Mbegu nyingine tulizipanda kavu. Nyingine tulizimwagia maji yaliyotoka kuchemka, tukaziacha humo usiku kucha, asubuhi tukazipanda katika mikebe yenye mchanga na samadi. Zile kavu zilikaa kimya. Za maji moto, baada ya wiki chache, zikaanza kuinua vichwa. Mnaweza pia kulikwaruza ganda kwa msasa mpaka ndani paonekane, kisha mkaliloweka.

Mche ukifika kimo cha goti uhamisheni mvua zinapoanza, mahali penye jua, mbali na nyumba na mbali na mabomba. Uzungushieni miiba, kwa sababu mbuzi hana habari na methali. Kisha subirini. Mbuyu wa mbegu huweza kuchukua miaka 15, 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Wenzangu watasema, "Aa, mpaka nizeeke!" Hesabuni vizuri. Mkipanda mkiwa Kidato cha Tatu, mtakula buyu lake mkiwa mnalipa karo ya watoto wenu. Na mti utakuwa ndio kwanza umeanza maisha.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Pale nyuma ya uwanja wa mpira kuna sehemu kavu isiyoota hata nyasi. Tupewe nafasi kumi tu, na kila darasa lipewe mche wake wa kuulinda dhidi ya mbuzi na dhidi ya sisi wenyewe. Kwa wanafunzi wenzangu, likizo hii mkienda palizi, kabla ya kung'oa chochote chenye jani moja moja, gusa mzizi kwanza. Na mkiutumia tena usemi ule katika insha, mwalimu akiwauliza mchicha huo unafananaje, mjibu bila kugugumiza.

Karatasi imejaa nami sijachoka, lakini mgeni njoo mwenyeji apone, nao wenzangu wana makala yao. Akiba haiozi. Wasalaam.